Muulize Mwalimu: Mwanangu hulindishwa viatu wenzake wakicheza

Mwezi huu barua karibu zote zimegusa jambo moja: mtoto anayebaki nje ya mchezo. Mmoja kwa sababu ya mguu, mwingine kwa kuwa ni msichana, mwingine mamake hana pesa za jezi. Nimefundisha michezo katika shule za msingi hapa Mombasa hadi nikastaafu, na sasa jioni zangu nyingi huwa na watoto uwanja wa Tononoka, kwa hivyo jambo hili naliishi kila siku. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa imenikaa moyoni.

Swali

Assalamu aleikum Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 10. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, mkono na mguu wa kulia ni dhaifu. Huchechemea, lakini hutembea mwenyewe na darasani yuko sawa na wenzake. Mpira anaupenda kupita kiasi. Kila jioni akitoka chuoni (madrasa) hukimbilia kiwanjani, lakini wenzake wakishachaguana yeye hubaki. Kazi yake ni kulinda viatu na kufuata mipira inayotoka. Nilimuuliza kocha wa mtaa, akaniambia ataumia bure, nimtafutie kitu chengine. Babake asema bora akae nyumbani atazame tivii. Nifanye nini?

Mama, Mikindani

Jibu

Wa aleikum salaam, mama. Usimtoe kiwanjani. Mtoto anayeachwa leo na kesho akarudi tena, huyo hana haja ya kutiwa moyo. Wenye haja ya kufundishwa ni watu wazima walio kando yake.

Anza kwa mtaalamu wa viungo anayemhudumia hospitalini. Muulize kama kuna harakati anayopaswa kuiepuka, viatu gani vinamfaa, na kama kuna dalili zozote za kifafa, kwa sababu watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huwa na kifafa pia na kocha lazima ajue la kufanya. Mwombe akuandikie majibu hayo, kisha umpelekee kocha karatasi hiyo. Nimewajua makocha wengi, na neno "ataumia" mara nyingi latoka kwa mtu ambaye hana ubaya wowote ila hajui aanzie wapi. Karatasi ya mtaalamu humtoa hofu. Babake naye mwonyeshe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili hadi moyo upige mbio, na kipimo hicho hicho kimewekwa kwa watoto wenye ulemavu. Mguu dhaifu ukilazwa mbele ya tivii hukakamaa zaidi.

Halafu kocha aambiwe kwamba kuna kandanda kamili, yenye mashindano ya kimataifa, inayochezwa na watu wenye mtindio wa ubongo. Ilikuwemo katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu tangu 1984 hadi 2016. Timu ni ya wachezaji 7, hakuna kuotea, na mpira ukitoka unaweza kurudishwa kwa mkono mmoja, kwa sababu walioandika sheria walijua kuna mikono isiyoinuka. Hawakumtafuta mchezaji anayefaa sheria. Waliangalia wachezaji walionao, wakaandika sheria zinazowafaa. Kocha wa mtaa naye anaweza kufanya vivyo hivyo jioni ya leo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Namna gani? Afupishe kiwanja, awagawe wanne kwa wanne. Watoto wakiwa 11 kwa 11 kwenye uwanja mkubwa, mwenye mbio huchukua mpira na wengine wanane hutazama mgongo wake. Wakiwa wanne, mpira humfikia kila mmoja. Autoe mpira upepo kidogo ili usiruke wala kukimbia sana. Aruhusu mpira uliotoka urudishwe kwa mguu au kwa mkono mmoja. Na hapa naomba msikilize sana: kanuni iwe ya wote. Nimeona kocha mwenye nia njema akitangaza, "Huyu asinyang'anywe mpira, anaumwa mguu." Mtoto aliinama, na wiki iliyofuata hakuja. Lakini ukisema, "Leo goli halihesabiwi mpaka kila mtu wa timu ameugusa mpira," hapo hakuna aliyenyooshewa kidole, na wale mafundi wa chenga wanalazimika kumtafuta mwenzao kwa macho na kumpa pasi nzuri. Hilo litawafaa hata wao wenyewe, maana wengi wao hawajui kutoa pasi.

Pia waache kuchaguana. Mtindo wa manahodha wawili kusimama na kuita majina mmoja mmoja mpaka abaki yule asiyetakikana, mimi niliufuta zamani katika vipindi vyangu. Kocha agawe timu mwenyewe, au watoto wajihesabu moja, mbili, moja, mbili.

Pale Tononoka tunaye msichana wa miaka 11 anayetembea kwa magongo. Jioni moja tulifunga wavu wa voliboli chini, kimo cha mita moja hivi, tukachora uwanja kwenye mchanga, mita 10 kwa 6, tukakaa chini sote. Hiyo ni voliboli ya kuketi, na vipimo hivyo sikuvizua, ndivyo vinavyotumika hata kwenye mashindano makubwa, ambako wavu wa wanaume huwa mita 1.15 na wa wanawake 1.05. Sharti ni moja tu kubwa: unapoupiga mpira, kiwiliwili kisiachane na ardhi. Basi yule msichana ana mikono ya chuma kwa miaka yote ya kujiinua kwa magongo. Alikuwa akijisukuma upande hadi upande kwa kiganja kimoja, na kwa kingine anaupokea mpira kabla haujatua, huku wale mabingwa wa mbio wakigaagaa mchangani hawajui miguu yao waiweke wapi. Mvulana mmoja alinijia akalalamika kwamba mchezo huu si wa haki. Nikamwambia arudi akae acheze. Alirudi, na mwisho wa saa alikuwa akimuuliza yule msichana vile anavyoweka mkono.

Sasa kuhusu kuzungumza na kocha. Usimwendee siku ya mechi wala mbele ya watu. Mngoje amalize mazoezi, mtu mzima na mwenzake, umwombe jambo dogo: dakika 15 za kwanza za mazoezi mtoto awemo pamoja na wote, kwa wiki chache, kisha mzungumze tena. Akikataa kata kata, tafuta kocha mwingine, na ujue huombi hisani. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 30 chataja wazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na watoto wengine, shuleni na nje ya shule. Uende huko kwenye sheria ukishindwa na maneno mazuri, lakini uijue.

Na leo jioni, viatu vilindwe kwa zamu.

Swali

Mwalimu, mimi ni baba wa mabinti watatu. Mkubwa ana miaka 12 na ni beki wa timu ya shule, anasifiwa sana. Sasa mamangu na ndugu zangu wananiambia amekua, si vizuri kukimbia mbele ya wanaume, na stara yake je? Mimi sipingi mpira lakini pia siwezi kumvunjia mamangu heshima. Nishauri.

Baba, Kisauni

Jibu

Ndugu yangu, nafurahi kwamba umemtaja mama kwanza. Wasiwasi wake una mambo matatu ndani yake, nayo ni mavazi, wakati, na nani yuko na mtoto. Yote yana majibu, na ukimpa majibu hayo badala ya mabishano, huenda akalegea.

Mavazi: tangu 2014 kanuni za soka duniani zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa, na mpira wa kikapu wa kimataifa ukafuata mwaka 2017. Hakuna refa mwenye haki ya kumtoa binti yako kwa ajili ya hijabu. Iwe ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, ivutwe kichwani bila pini, maana pini humchoma yeye na mwenziwe wakigongana. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana ndani ya bukta vinatosha. Ila joto la Februari na Machi hapa kwetu ni kali, kwa hivyo awe na chupa yake ya maji na apumzishwe kivulini mara kwa mara.

Wakati: mazoezi yaanze baada ya alasiri na yeye awe nyumbani kabla ya magharibi. Yakigongana na chuo, zungumza na ustadhi na kocha wapangane. Hilo linawezekana sana, na mwezi wa Ramadhani karibu kila timu hapa hubadilisha saa.

Nani yuko naye: hapa nataka uwe mkali kuliko hata mama. Pasiwe na mazoezi ya binti mmoja na kocha mmoja. Pasiwe na kuitwa nyumbani kwa kocha kuchukua jezi, wala ujumbe wa simu wa usiku, wala safari ya mechi bila mwanamke mtu mzima. Kocha mwema hawezi kuudhika kwa masharti haya, kwani yanamlinda na yeye. Ukihisi jambo baya, namba 116 ya watoto hupigwa bure mchana na usiku. Na masharti haya ni ya wavulana pia.

Kuna jingine ambalo baba wengi hawalijui. Umri huu ndio mabinti huanza kutoweka uwanjani, na si mara zote kwa sababu ya kukatazwa. Hedhi imeanza, sodo hana, choo cha uwanjani hakina mlango, na anaona haya kumwambia kocha mwanamume. Mamake aweke sodo kwenye mfuko wake wa mpira pamoja na sidiria ya kubana vizuri. Muulizeni shuleni wanabadilisha nguo wapi.

Halafu mwalike mama yako aje kutazama mazoezi, akalie kiti kivulini. Ukiweza siku moja mpeleke hata Kilifi, ambako shirika la Moving the Goalposts limekuwa likifanya kazi na wasichana kupitia mpira tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko atawaona wasichana wa pwani hii hii wakiwa wachezaji, makocha na marefa.

Swali

Mwalimu, nauza mboga Kongowea. Mwanangu wa miaka 8 amealikwa timu ya mtaa lakini waitisha shilingi 500 kila mwezi, jezi 1,200, na njumu. Sina. Nimwambie aache?

Mama wa watoto wanne

Jibu

Asiache, dada. Njumu kwa mtoto wa miaka 8 anayecheza mchangani si lazima, miguu mitupu au raba zatosha. Jezi ni vizuri ziwe mali ya timu, zikabidhiwe siku ya mechi na zirudi kufuliwa, badala ya kila mzazi kununua. Kuhusu ile 500, muulize kocha kwa upole inalipa nini. Kama ni mipira na nauli, akwambie, na akubali mwenye kutoa kazi badala ya pesa: mmoja afue jezi, mwingine alete maji. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987, MYSA, kilifanya usafi wa mtaa kuwa sehemu ya ligi, timu zikizoa taka zinapata pointi kwenye msimamo pamoja na pointi za mechi. Hapa Mombasa taka hazijatuishia.

Na kuna mchezo usio na ada kabisa. Kati, blada, kibe, mbio za kupokezana kijiti, zote hizo ni mazoezi ya mwili. Hata mpira wa makaratasi bado wafungwa, ingawa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watoto hutumia matambara, sponji kuukuu na kamba za magunia, na nauona unadunda vibaya kidogo kuliko ule wetu wa zamani. Shuleni pia kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba. Kikigeuzwa kuwa hesabu kila wiki, wewe kama mzazi una haki ya kuuliza kwenye mkutano wa wazazi. Uliza ukiwa na wenzako wawili watatu.

Swali

Mwalimu, mimi ni kijana, nafundisha timu ya chini ya miaka 10 huku Changamwe. Nina watoto 22. Wazazi wataka ushindi. Nikiwaingiza wadogo tukafungwa, naambiwa sijui kazi. Nikiwaacha benchi, wanaacha kuja. Nishike lipi niache lipi?

Kocha kijana

Jibu

Mwanangu, shika watoto.

Una watoto 22, hiyo ni timu nne za watano na wawili wa kubadilishana kwa zamu. Kwa nini uwe na timu moja na benchi ya 11? Tafuta kocha mwenzako mwenye shida kama yako, fanyeni Jumamosi moja mechi fupi fupi za watano kwa watano, viwanja viwili vitatu kwa pamoja, kila mtoto acheze. Mpira uwe namba 4, na kwa wale wa miaka 7 namba 3. Namba 5 ya watu wazima huwaumiza vifundo na kuwafunza kuupiga kwa vidole vya mguu.

Wazazi waambie kabla msimu haujaanza, si baada ya kufungwa. Waite wote, wakalishe, useme: katika timu hii kila mtoto atacheza angalau nusu ya kila mechi, asiyekubali aseme sasa. Halafu usiyumbe hata fainali.

Wakikwambia hivyo hakutazaliwa mabingwa, watajie Norway. Huko wana kanuni za haki za mtoto michezoni tangu 1987. Orodha za matokeo na misimamo ya ligi haiwekwi mpaka mtoto atimize miaka 11, na hakuna ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Nchi hiyo haifiki watu milioni 6, na kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 iliongoza dunia kwa medali 39. Sisemi kanuni hizo peke yake ndizo zilizoleta medali, wana pesa na theluji pia. Lakini ni wazi kwamba kutowapanga watoto kwa ushindi hakukuwazuia kupata mabingwa.

Nakuomba pia ufanye jambo moja kabla ya mazoezi yajayo. Chukua tarehe za kuzaliwa za wale unaowaanzisha na za wale unaowaweka benchi, uzitazame. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Disemba ya mwaka mmoja huitwa wa umri mmoja, kumbe mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 9 mwaka ni mwingi sana wa mifupa na nguvu. Watafiti waliligundua hili kwenye hoki ya barafu ya Kanada miaka ya 1980: waliochaguliwa walijaa wa miezi ya mwanzo. Likaonekana baadaye kwenye kandanda ya nchi nyingi. Yule "asiye na kipaji" kwako huenda ni mtoto wa Novemba tu. Ukimtoa leo hatakuwepo akiwa na miaka 15, atakapokuwa amewafikia wenziwe kwa kimo.

Swali

Mjukuu wangu ana selimundu. Je, acheze au asicheze?

Bibi, Bamburi

Jibu

Bibi, daktari wa kliniki yake ndiye wa kutoa idhini, na watoto wengi wenye selimundu huruhusiwa kucheza kwa kiasi. Akiruhusiwa, acheze kwa vipindi vifupi na kupumzika katikati, anywe maji kabla, wakati na baada, hata kama hasikii kiu. Asiachwe juani saa za mchana, asikae na nguo mbichi, wala asiogelee maji baridi. Asilazimishwe kumaliza mbio, na kocha ajue kwamba akisema amechoka amechoka kweli. Akishikwa na maumivu ya kifua, mifupa au tumbo, au akikosa pumzi, atoke papo hapo apelekwe hospitali. Siku ya homa hakuna mchezo, hospitali kwanza.

Swali

Binti yangu wa miaka 8 mpira haupendi kabisa, hata kutazama. Yeye na maji tu. Mimi naogopa bahari na sijui kuogelea.

Mama, Mtongwe

Jibu

Basi ameshachagua mchezo wake, na ni mchezo ambao mtoto wa kisiwa na pwani anauhitaji kuliko wote. Mtafutie mwalimu wa kuogelea mwenye watoto wachache kwa kipindi, na mtu mzima awe majini karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Nendeni upande wenye mchanga ulio ndani ya mwamba, wakati maji yametulia. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa kasi, msiingie. Kwenye mkondo wa feri asiguse maji kamwe, hata akijua kuogelea. Aanze kwa kupuliza mapovu na kuelea chali, hayo ya kupiga mbizi yatakuja. Mwalimu akikubali kufundisha wawili kwa pamoja, ingia na wewe.